Umeacha kulipa SHA? Tuongee tarehe kwanza kabla hatujaongea uzembe

Dada mmoja anayeuza mitumba Kibuye, Kisumu, ameniandikia. Nafupisha: yeye na mzee wake (anaendesha boda) walikuwa wanalipa NHIF (ile bima ya afya ya taifa ya zamani) shilingi 500 kila mwezi miaka kadhaa, 2022 mambo yakawa magumu wakaruka miezi mitatu minne, wakaenda kuuliza wakaambiwa kuna faini, wakaacha kabisa. Sasa wamejisajili SHA (mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF), wakajibu yale maswali yote, simu ikawaambia walipe 6,300 ya mwaka mzima kwa mpigo. Hawajalipa. Shemeji yake amewaambia mbele ya watu kwamba ni wazembe, hela ya bando wanapata lakini ya bima hawana. Anauliza: "Mwalimu, kweli ni uzembe? Na kama si uzembe mbona tulikuwa tunaweza na sasa hatuwezi? Tena mama mkwe ana sukari, tunaweza kumwingiza kwetu?"

Dada yangu, asante kwa kuuliza waziwazi hivyo, manake wengi wana swali hili na wanaona aibu. Nimekaa na vikundi vya akina mama kwa haya mambo ya bima kwa muda mrefu, na jibu langu la kwanza ni hapana, sioni uzembe hapo. Jibu la pili liko ndani ya swali lako mwenyewe. Angalia: 500 mara miezi 12 ni 6,000. Leo unaambiwa 6,300. Tofauti ni 300 kwa mwaka mzima, yaani karibu pesa ni ileile. Mlikuwa mnaiweza na sasa hamuiwezi, kwa hivyo shida haiko kwa kiasi, iko kwa tarehe. Zamani uliitoa vipandevipande, sasa inatakiwa yote siku moja, na hakuna siku hata moja kwa mwaka ambayo biashara ya mitumba inakuwekea 6,300 mezani ikiwa haina kazi nyingine.

Hebu tuangalie vile pesa inaingia kwenu. Mzee akirudi jioni, tuseme amepata elfu moja, ya mwenye pikipiki inatoka hapohapo, ya mafuta inatoka, chakula, na kinachobaki kinakuja kukutana na cha kwako. Akina mama wengi sokoni wana kile kidaftari cha kurasa 32, ukikifungua unaona mistari: ya beli, ya chama, ya rent, ya shule, ya soko (ile ya kanjo, yaani askari wa kaunti). Kila mstari una mtu anayeudai. Mwenye nyumba atapiga hodi tarehe tano, mwalimu atamrudisha mtoto nyumbani, wenzako wa chama watakupigia Jumapili hadi ushike simu. SHA mstari wake haupo manake hakuna mtu anayekuja kuuliza, yaani hakuna siku utaamka upate mtu mlangoni anasema leo ni leo, hadi siku unafika hospitali na mtoto anatapika ndio unasikia hio kadi haisomi. Pesa ikiwa kidogo inaenda kwa yule anayepiga kelele karibu, na mtu anayefanya hivyo anafikiria vizuri kabisa, huwezi kuacha rent ulipie ugonjwa ambao haujafika.

Sasa weka hio kwa nchi nzima. Zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wanaofanya kazi Kenya wako kwa kazi zisizo rasmi, jua kali, soko, shamba, boda. Lakini bima yetu ilizaliwa 1966 ikiwa ya mtu wa mshahara, na mtu wa mshahara hajawahi kukumbuka kulipa bima hata siku moja maishani mwake. Anakatwa. Kwa hivyo tunapomlinganisha mwalimu wa TSC (aliyeajiriwa na serikali) na mama mboga na kusema yule analipa na huyu halipi, tunamlinganisha mtu ambaye hakupewa nafasi ya kusahau na mtu ambaye anatakiwa akumbuke, apate, na aamue, kila mara, peke yake. Shemeji yako kama ana payslip, hio 2.75% yake inaondoka kabla hajaiona, so hapo nidhamu yake haijapimwa bado. Na hata hao wa payslip kuna wenye madeni wasiyoyajua: bosi amekata lakini hajapeleka, na pesa inatakiwa iwe imefika kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwenye mshahara apige *147# aangalie, asingoje kujua akiwa mapokezi ya hospitali.

Kuna utafiti mmoja naurudiarudia kila semina, wa Lorenzo Casaburi na Jack Willis, ulitoka 2018. Haukuwa wa bima ya afya, ulikuwa wa bima ya mazao, kwa wakulima wa miwa hukuhuku magharibi mwa Kenya wenye mkataba na kampuni. Wakulima wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likaambiwa lipa bima sasa hivi, taslimu: walionunua ni kama asilimia 5. Kundi lingine likaambiwa bima ni ileile, bei ileile, lakini tutakata kwa pesa ya miwa ukivuna (na riba kidogo juu): asilimia 72 wakachukua. Kuna kundi la tatu ndilo linanigusa zaidi, hao walipunguziwa bei kwa asilimia 30 lakini walipe sasa, wakafika asilimia 6. Sita! Kwa hivyo kupunguza bei hakukusaidia karibu chochote, kuhamisha siku ya kulipa kulibadilisha kila kitu. Wakulima walewale, akili ileile, elimu ileile kuhusu bima. Mtu akiniambia watu wa hali ya chini hawaelewi bima ndio maana hawalipi namuuliza hao asilimia 72 walielewaje basi.

Tukirudi kwa hesabu yako ya 2022. Faini ya NHIF ya kuchelewa ilikuwa nusu ya mchango, yaani mwezi ulioruka unaulipa 750 badala ya 500. Ukiruka mitatu, 2,250, weka mwezi unaoanza nao 500, unatakiwa 2,750 ndio urudi hapo ulipokuwa. Na hio miezi mitatu uliyolipia faini hukutibiwa nayo, imeshapita. Sasa mtu aliyeshindwa na 500 unamwambia atoe 2,750, atatoa wapi? Hapo ndipo nyinyi mlitoka kwa bima, na ndipo wamama wengi ninaowajua walitoka, wala si siku waliyoruka mwezi wa kwanza. Kuruka mwezi mmoja ni kitu cha kawaida, shule zinafungua, mvua inanyesha wiki mbili watu hawapandi boda. Lakini faini iligeuza kuchelewa kuwa kutoka. Na kila mwezi ukikaa nje, bei ya kurudi inapanda, hadi unafika mahali unasema wacha nikae tu, na ukishasema hivyo hata SMS zao huzisomi tena.

Lazima niseme na upande wa pili manake sitaki uone ni ubaya tu wa watu wa ofisini. Faini na zile siku 90 za kungoja zilizoletwa 2020 zilikuwa na sababu. Kuna watu walikuwa wanajisajili mimba ikiwa ya miezi minane, wanalipa kidogo, wanajifungua kwa upasuaji, wanatoweka. Kwa bei za SHA za sasa upasuaji wa kujifungua unalipiwa 30,000, na hio ni zaidi ya michango ya miaka minne ya nyumba kama yenu. Wakiwa wengi wa hivyo mfuko unakauka. Kwa hivyo kumdai mtu alipe mwaka mzima mapema ni njia ya kuzuia hao. Naielewa. Ila dawa hio inampiga zaidi yule mama aliyekuwa analipa miaka minne mfululizo akakwama miezi mitatu, na yule mjanja wa mimba ya miezi minane bado anaweza kuchangisha 6,300 wiki moja manake ana sababu ya haraka na familia itamchangia. Yaani mpango unaotaka kuwazuia wanaolipa wakiwa wagonjwa tu umebaki na walewale, na waliofukuzwa ni wazima wa pesa ndogondogo, na hao wazima ndio mfuko ungewahitaji.

Na kuchangishana hapo ndipo kuna kitu wataalamu wengi hawakihesabu. Nyinyi mna bima tayari, inaitwa harambee. Kila mwezi kuna group ya WhatsApp imefunguliwa, "Hospital bill ya Baba fulani", kuna orodha imenakiliwa na namba kutoka 1 hadi 40, kila mtu anaongeza jina na kiasi, 200, 500, 1,000, mwekahazina anatuma ujumbe jioni "tunamshukuru Mungu tumefikisha elfu 18 bado elfu 60". Wewe piga hesabu mwaka uliopita ulituma ngapi kwa group kama hizo. Akina mama nikiwauliza hivi wengi wanagundua wametoa zaidi ya bima ya mwaka. Lakini kwa nini hio inatoka na ya SHA haitoki? Kwa sababu harambee inakujia kwa kiasi ulicho nacho siku hio, ukiwa na 100 unatoa 100 na jina lako linaandikwa, hakuna deni la nyuma, mwezi uliopita usipotoa hakuna anayekutoza faini, na zaidi ya yote unajua siku yako ikifika hao watu watakuja. Imani hio imejengwa kwa miaka. SHA inashindana na kitu hicho, na sisi tunaihubiri kama vile watu walikuwa hawana kitu.

Kuhusu imani sitaongea sana, mmeona wenyewe. Februari 2025 hospitali za kibinafsi chini ya RUPHA (chama chao) zilisimamisha huduma za SHA zikidai madeni, mengine ya tangu NHIF, mtu aliyelipa mwaka mzima akafika akaambiwa leta keshi. Stori moja kama hio ikifika sokoni saa nne asubuhi, kufika saa sita imeshazuia wamama 20 kulipa, na siwezi kuwalaumu. Walipe mapema kwa mtu ambaye naye halipi kwa wakati?

Haya, ile 6,300 yenyewe. Kwa sheria ya 2023, ambayo ilianza kutumika kwa michango Oktoba 2024, nyumba isiyo ya mshahara inalipa 2.75% ya kipato kinachokadiriwa, na hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kipato kinakadiriwa kwa yale maswali ya ukuta wa nyumba, choo, maji, stima, watu wangapi. Kwako 6,300 maana yake mashine imeona nyumba yenu inaingiza kama 19,000 kwa mwezi. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa si kweli. Wengi hujibu yale maswali haraka haraka, au cyber anawajibia, mtu anaandikwa ana nyumba ya mawe kumbe ni ya kupanga chumba kimoja. Rudi uangalie majibu yako, ukiona kuna kosa nenda Huduma Centre au ofisi ya SHA ya kaunti uombe ikaguliwe upya. Usiende kudanganya lakini, hapana, nenda kurekebisha.

Kitu kingine ambacho wengi waliochelewa hawajui na wanateseka bure: dispensari na health centre, yaani level 2 na level 3, zinalipwa na mfuko tofauti, ule wa huduma za msingi. Pale unatakiwa uwe umejisajili tu, sio uwe umelipa 6,300. Malaria ya mtoto, kikohozi, kliniki ya kawaida, anzia pale leo, usikae nyumbani ukisema sijalipa. Ni kuanzia level 4 kwenda juu ndio wanaangalia kama umelipa.

Sasa ya kulipa. Serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, kwamba unakopeshwa mchango wa mwaka unalipa kidogo kidogo. Wazo ni zuri, linarudisha ile tarehe mnayoiweza, lakini huo ni mkopo, una riba, na wewe kama tayari uko na Fuliza na mikopo mingine ya simu sikushauri uanzie hapo kabla hujasoma masharti yote ukiwa umetulia.

Mimi nakushauri chama. Na sio kuweka akiba tu kwa chama, sikiliza vizuri. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti hukuhuku magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2013, na vikundi vya kuzungushana kama chenu. Waliwapa wengine kisanduku cha chuma na ufunguo wao wenyewe, cha pesa ya afya pekee, na matumizi yao ya kuzuia magonjwa, neti na kadhalika, yakapanda kwa karibu theluthi mbili hadi robo tatu. Wengine wakaongezewa chungu cha pili ndani ya chama, kwamba kando ya pesa ya kawaida kuna ya afya, na ikifika zamu yako unanunuliwa kitu chenyewe, hupewi pesa mkononi. Hao walipanda zaidi ya mara mbili. Cha kushangaza, sanduku ambalo ufunguo wake alishika mtu mwingine hata usiweze kugusa halikusaidia sana kwa mambo hayo, watu waliogopa kufungia pesa ndani halafu dharura iingie.

Sasa fikiria nyinyi mko 12. Kila mmoja wenu ana bima kama ya 6,300, gawa kwa 12 ni 525 kwa mwezi, kama 125 kila wiki. Mkitoa wote 525, mwezi huo una 6,300 kamili, inalipa bima ya mwaka mzima ya mmoja wenu. Mwezi unaofuata wa pili. Mzunguko ukiisha baada ya mwaka, wa kwanza bima yake inaisha mwezi uleule zamu yake imerudi. Umeona hapo? Ile tarehe moja ya mwaka ambayo mtu peke yake haiwezi, chama kinaiweza bila mkopo wala riba, manake chama kimezoea kutoa pesa nyingi kwa mtu mmoja siku moja, hio ndio kazi yake kila siku. Rwanda wamefanya karibu na hivi, vikundi vyao vya ibimina vinaweka kidogo kidogo kila wiki hadi Julai mosi mwaka mpya wa mutuelle (bima yao ya afya) ukianza pesa ya familia iko tayari, na ni mojawapo ya vitu vilivyowasaidia kuwa na zaidi ya asilimia 80 ya watu ndani ya bima.

Mambo ya kuangalia msigombane. Viwango vyenu havitafanana, mwingine ni 3,600 mwingine 8,000, kwa hivyo kila mtu atoe sehemu ya 12 ya chake, na mwenye kiwango kikubwa zamu yake iwekwe baadaye kidogo kwa mzunguko au ajazie. Wenye mimba na wenye ugonjwa wa kudumu nyumbani watangulie, hapo msipige kura, kubalianeni tu tangu mwanzo. Mchango ulipwe kutoka simu ya mwekahazina kwa namba ya kitambulisho cha mwenye zamu, na ujumbe wa kuthibitisha uwekwe kwa group siku hiohio, pesa isipite mkononi mwa mtu manake yenyewe ikifika mkononi itakutana na rent. Na aliyetangulia akiacha kutoa, mtumie utaratibu mlio nao wa wanaokula na kukimbia, nyinyi mnaujua kuliko mimi. Kuanza msingoje Januari, anzeni mwezi huu hata mkiwa sita, mtatoa mara mbili tu kila mwezi au mlipie mmoja kila miezi miwili.

Mzee naye mwambie stage yao wanaweza kufanya hivyohivyo kwa siku, wao pesa yao ni ya kila jioni, 6,300 ukiigawa kwa siku za mwaka ni 17 na kitu. Lakini nyumba moja ni mchango mmoja, wewe na yeye na watoto mko pamoja, kwa hivyo chagueni upande mmoja utakaobeba, msilipe mara mbili.

Mama mkwe hapana, hawezi kuingia kwenu. SHA inamhesabu kama nyumba yake mwenyewe, ajisajili kwa kitambulisho chake na ajibu maswali yake mwenyewe, na kama hana kitu inawezekana atoke na kile cha chini, 300 kwa mwezi. Kabla hamjamlipia ongea na CHP (mhudumu wa afya wa jamii) wa kijiji chao au chifu, manake mwaka 2025 serikali ilitangaza kulipia watu wasiojiweza na wazee kama yeye ndio wanaolengwa, uliza kama jina lake linaweza kuangaliwa. Wakati mnangoja, akishasajiliwa apelekwe health centre ya karibu kwa kupima sukari na dawa zake, na usimwache akapunguza vidonge eti vidumu, nimeona wazee wengi wakifanya hivyo. Mkiambiwa dawa hazipo uliza zitakuja siku gani na muandikiwe jina la dawa kwa karatasi. Na yeye kwa mzunguko wa chama mnaweza kumhesabu kama zamu ya 13 ndani ya ileile miezi 12, wewe na mzee mkitoa sehemu yake, kama ni ile ya chini itakuwa 300 juu ya 525 zenu kila mwezi.